Nimeruka vidonge vinne vya majira nikiwa msibani, sasa paketi inanielekeza kwenye vya kahawia. Nifanyeje?

MamaTausi, Tanga

Habari za jioni wapendwa, na wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa haraka, maana mimi humeza kidonge saa tatu usiku na sasa hivi saa mbili imeshapita.

Natumia vidonge vya majira, hivi vya paketi ya vidonge 28, vyeupe 21 na vya kahawia 7. Nilianza baada ya mtoto kupita miezi tisa, sasa ana mwaka na miezi miwili na bado ananyonya usiku. Kliniki walinipima presha wakasema iko vizuri. Mwanzoni nilipata kichefuchefu, kikaisha chenyewe. Sina malalamiko na vidonge.

Shida ni hii. Alhamisi alfajiri tulipigiwa simu kwamba mama mkubwa amefariki kule Kondoa. Nikafungasha nguo za mtoto, nikambeba mgongoni, tukawahi basi. Tunapita Segera ndipo nakumbuka paketi imebaki kabatini chini ya vitenge. Kijijini kule duka la dawa liko mbali, na mfiwa hawezi kuaga kwamba anakwenda kutafuta vidonge. Nimerudi leo Jumatatu mchana.

Paketi yangu inakaa hivi: mistari miwili ya juu imekwisha. Mstari wa tatu nimemeza Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili viko palepale, vinne vyeupe. Leo Jumatatu mshale unaingia mstari wa kahawia. Na jana damu imeanza kutoka.

Jirani yangu anasema nimeze vyote vinne kwa mpigo nifidie. Kijana wa duka la dawa anasema niachane navyo, nimeze cha kahawia leo kwa kuwa siku zimeshaingia, halafu Jumatatu ijayo nianze paketi mpya. Mume wangu ni dereva wa lori, aliondoka kwenda Tunduma kabla ya msiba, yapata wiki mbili sasa, anarudi Jumatano. Mimba sasa hivi hatuitaki kabisa, mtoto hajaacha kunyonya na biashara yangu pale Mgandini ndiyo kwanza inasimama. Natanguliza shukrani.

BintiRashid

Pole na msiba dada. Vinne kwa mpigo usithubutu, utatapika usiku kucha. Hayo mengine msubiri mama nesi wa Muheza, huwa yupo muda huu.

Nesi Mstaafu, Muheza

Marahaba mwanangu, poleni sana kwa msiba. Saa yako imekaribia, naanza na la leo, maelezo yatafuata.

Saa tatu hii meza kidonge kimoja cheupe, kile cha Alhamisi. Kimoja tu. Kesho kimoja cheupe, Jumatano kimoja, Alhamisi cha mwisho. Vile saba vya kahawia vitupe, usivimeze. Ijumaa saa tatu usiku fungua paketi mpya, anza kidonge cha kwanza, usipumzike hata siku moja katikati. Majina ya siku yaliyochapwa kwenye paketi mpya yasikuchanganye. Fuata mshale, na kwa kalamu andika juu ya karatasi yake "Ijumaa".

Na kondomu. Mpaka utakapokuwa umemeza vyeupe siku saba mfululizo, usijihesabu kuwa umekingwa. Saba hizo zinaanza leo Jumatatu na kuisha Jumapili. Kwa hiyo baba akifika Jumatano, Jumatano hadi Jumapili ni kondomu, kuanzia Jumatatu mnarudi kama kawaida.

Damu isikutishe wala isikusimamishe. Imetoka kwa sababu homoni zimekatika mwilini ghafla, ndivyo inavyotoka hata katika wiki ya kahawia. Meza huku inatoka, itakata yenyewe.

Sasa sababu, kwa kuwa nataka uielewe na umwelezee na yule kijana wa dukani kwa upole. Kila kidonge cheupe kina homoni mbili, estrojeni na projestini. Paketi zinazotolewa sana vituoni kwetu zina ethinili estradioli mikrogramu 30 na levonorjestreli mikrogramu 150. Kazi yake kubwa ni kuzuia yai lisipevuke, na vilevile ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito mbegu zisipite. Vya kahawia havina homoni hata chembe. Ni madini ya chuma, na vimewekwa ili mama asipoteze mazoea ya kumeza kila usiku. Maana yake zile siku saba za kahawia mwili unakaa bila dawa, na ovari zinaanza kuamka taratibu. Siku saba hazina neno, paketi imepangwa hivyo, ila ukizirefusha yai linaweza kupevuka.

Jumlisha mwenyewe. Siku nne ulizokosa, uongeze saba za kahawia, ni siku 11 bila homoni, na baba anarudi katikati yake. Ushauri wa dukani ungekupeleka huko. Na vinne kwa mpigo havirudishi siku zilizopita, vinaleta kutapika tu.

Hili nalisema kila ninapopata nafasi, kwa sababu nimekaa kliniki ya uzazi wa mpango miaka mingi na nimelishuhudia: akina mama wanaopata mimba juu ya vidonge, nikikaa nao tukarudi nyuma siku kwa siku, mara nyingi nakuta paketi mpya ilichelewa kuanza. Alimaliza ya zamani, kituoni hakwenda kwa wakati, au alisubiri kwanza damu ikauke. Hakuna kusubiri damu ikauke. Kidonge cha mwisho cha kahawia leo, kesho paketi mpya, damu iwe imekata au haijakata. Wanawake wanajilaumu sana kwa kidonge kimoja cha katikati ya mwezi, nacho ndicho chenye hatari ndogo kuliko vyote.

BintiRashid

Shikamoo mama. Ina maana ukiruka kimoja tu hakuna tatizo? Mimi nikiruka kimoja huwa nakaa na wasiwasi mwezi mzima.

Nesi Mstaafu, Muheza

Marahaba. Ukiruka kimoja, kimeze pale pale unapokumbuka, na cha siku hiyo ukimeze kwa saa yake. Kama umekumbuka saa ileile ya kumeza kinachofuata, meza viwili pamoja, havina madhara, labda kichefuchefu kidogo. Huhitaji kondomu.

Vikiwa viwili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tuliokuwa tukiufuata unavihesabu pamoja na kimoja: meza ukikumbuka, endelea. Vikifika vitatu mfululizo ndipo kondomu siku saba. Nchi nyingine ni wakali zaidi, wanaanza kondomu kwenye viwili, na mimi wateja wangu nimewaambia wafuate huo ukali. Kondomu ya wiki moja haigharimu kitu ukilinganisha na presha ya kusubiri siku zako.

Halafu angalia uko mstari wa ngapi. Umeruka vitatu mstari wa kwanza au wa pili: meza kimoja sasa, endelea na paketi kama kawaida mpaka na vya kahawia, kondomu siku saba. Umeruka mstari wa tatu kama MamaTausi: maliza vyeupe, tupa vya kahawia, unganisha paketi mpya. Umesahau vya kahawia: tupa ulivyosahau, endelea, hakuna kilichoharibika. Ila hakikisha ni vya kahawia kweli, maana kampuni nyingine hutumia rangi tofauti. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi, au uliza ni mstari upi usio na homoni.

MamaTausi hakukutana na baba siku hizi, ndiyo maana sikumtajia P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Lakini aliyeruka vitatu au zaidi, hasa wiki ya kwanza, na amekutana na mwenzake ndani ya siku tano zilizopita, aende akapate P2 mapema awezavyo. Inafanya kazi zaidi ikiwahi, na mwisho ni siku ya tano. Akishaimeza anaendelea na vidonge vyake, na kondomu siku saba.

Shangazi wa Kisosora

Wanangu, mie nasema ukweli niliousikia. Vidonge hivi havisagiki, vinajikusanya tumboni mpaka vinakuwa uvimbe. Kuna mtu alipasuliwa wakavikuta. Na ukitumia kabla hujazaa watoto wa kutosha, hupati tena. Afadhali njia zetu za asili.

Nesi Mstaafu, Muheza

Dada yangu, najua unalisema kwa kuwapenda hawa watoto, na mimi nimelisikia kliniki tangu naanza kazi. Naomba nikujibu kwa heshima.

Kidonge kikifika tumboni kinayeyuka kama kidonge kingine chochote cha kumeza. Homoni zinaingia kwenye damu, ini linazivunjavunja, zinatoka kwa mkojo na choo. Kungekuwa na kitu kinabaki, mama asingelazimika kumeza kila siku. Huyu MamaTausi amekosa siku tatu nne tu na damu ikatoka. Hiyo damu ndiyo inayokuonyesha jinsi dawa inavyoisha upesi mwilini. Uzazi nao unarudi haraka mtu akiacha. Mwanamke anayeacha vidonge leo na hataki mimba, leo hiihii atafute njia nyingine.

Ila lipo la kweli la kuogopa, na hilo ndilo ningetaka shangazi zetu walisambaze. Vidonge vyenye estrojeni havimfai kila mtu. Mwenye presha inayoanzia 140 kwa 90, hapana. Mvuta sigara aliyefika miaka 35, hapana. Aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini, hapana. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli au mistari ya mwanga machoni, hapana, hata akiwa na miaka 20. Ndiyo maana sipendi mtu aazime paketi ya dada yake. Dakika mbili za mkono kwenye mashine ya presha zina thamani kubwa.

Na aliye juu ya vidonge akipata maumivu makali ya kifua au pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kikali ambacho hajawahi kukipata, macho kuona giza ghafla, au maumivu makali ya tumbo, aache kumeza na aende hospitali siku hiyohiyo, awaambie kwamba anatumia vidonge vya majira. Hayo hutokea kwa wachache, lakini yanapotokea hayasubiri kesho.

MamaKichanga

Samahani kuingilia mada. Mtoto wangu ana miezi mitatu, ananyonya. Dada yangu amenipa paketi kama hii ya MamaTausi, nilitaka nianze leo. Naona nesi unasema tusiazime, je na mimi nisianze?

Nesi Mstaafu, Muheza

Usianze hiyo mwanangu, mrudishie dada. Unayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, estrojeni inaweza kukupunguzia maziwa. Kwako kuna vidonge vya homoni moja tu. Utavitambua kwa kuwa paketi nzima ni rangi moja, hakuna vya kahawia, ukimaliza unaunganisha nyingine. Vinakwenda vizuri na maziwa. Ila vina masharti makali zaidi ya saa: ukichelewa kwa zaidi ya muda wa saa tatu, meza pale pale, na kama hedhi yako imesharudi tumia kondomu siku mbili. Ukimnyonyesha mtoto maziwa yako tu, usiku na mchana, na hedhi haijarudi, kunyonyesha kwenyewe kunakukinga mpaka afikishe miezi sita. Likipungua moja kati ya hayo, kinga hiyo imekwisha. Nenda kliniki ile ya mtoto, siku ya kumpima uzito, ulizia hapohapo. Uzazi wa mpango vituo vya serikali ni bure.

Ukhti wa Pangani

Assalaam alaykum. Mama nesi, nisaidie na mimi. Nameza saa mbili asubuhi baada ya chai. Ramadhani ikiingia nafanyaje? Mwaka jana nilihamishia usiku baada ya futari, nikatokwa na matone ya damu nikashindwa kujua kama funga yangu iko sawa. Na kuna wenzangu wanaruka vya kahawia makusudi ili wasiingie mwezini, wafunge mwezi wote. Hilo lina madhara?

Nesi Mstaafu, Muheza

Wa alaykum salaam. Ukitaka kubadilisha saa, siku zote wahisha, usicheleweshe. Kutoka saa mbili asubuhi hadi futari ya siku inayofuata ni zaidi ya saa 34, ni kama umeruka, na matone hayo yaweza kuwa yalitokana na pengo hilo. Njia nyepesi kwako ni daku. Badala ya saa mbili asubuhi unameza saa kumi alfajiri na chakula chako, umetangulia saa chache tu. Ukipenda usiku, basi siku moja kabla ya mfungo meza cha asubuhi kama kawaida na jioni ileile umeze kinachofuata. Paketi itaisha siku moja mapema, hakuna tatizo.

Mimi nawashauri wanaofunga wameze baada ya kula, si dakika ile ile ya tende na maji tumbo likiwa tupu. Ukitapika ndani ya saa mbili tangu umeze, hesabu hakikuingia, meza kingine. Chukua cha mwisho wa mstari wa tatu au cha paketi ya akiba ili usivuruge mpangilio. Kutapika au kuharisha kukizidi siku mbili, fanya kama mtu aliyeruka vidonge.

Kuunganisha paketi bila vya kahawia hakuna madhara kwa mwili, ndicho nilichomwambia MamaTausi afanye leo. Damu ya wiki ya kahawia si uchafu unaohitaji kutoka, ni mwili umekosa homoni. Waweza kupata matone katikati, hasa mwezi wa kwanza. Upande wa dini, muulize sheikh wako. Wapo wanaotaka kufunga mwezi mzima, wapo wanaosema siku zije kama zilivyoandikwa na watalipa baadaye. Wote nimewahudumia kwa moyo mmoja.

Dereva wa Segera

Mimi ni mwanaume, nasoma kwa niaba ya mke wangu. Ameanzishiwa dawa za TB mwezi huu na anaendelea na vidonge. Kituoni alisahau kuwatajia. Kuna shida?

Nesi Mstaafu, Muheza

Ipo baba, na umefanya vizuri sana kuuliza. Katika dawa za TB kuna rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Inalifanya ini livunje homoni haraka kuliko kawaida, kwa hiyo anaweza kumeza kila siku bila kukosa na bado akashika mimba. Dawa za TB asiziguse, ziendelee. Anzeni kondomu leo, na kesho au siku ya kuchukua dawa aende aombe njia nyingine. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi, na kitanzi vilevile. Njiti siyo, nayo inadhoofishwa. Mambo ni hayohayo kwa baadhi ya dawa za kifafa: kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni. Dawa kama amoksilini haina shida na vidonge, watu wanaiogopa bure. Kama unaweza, mwende pamoja. Mama akiwa na mwenzake anauliza zaidi.

MamaTausi

Mama nesi, nimeshameza kile cha Alhamisi, saa tatu kamili, taarifa ya habari ilikuwa imekwisha. Kondomu zipo, nilipewa boksi kliniki. Mungu akubariki. Nina mawili ya mwisho. La kwanza, nitafanyaje safari nyingine ya ghafla isinikute hivi? La pili, mwezi huu nikishaunganisha paketi, siku zangu zitakuja lini, na nitajuaje kama hakijaingia kitu?

Nesi Mstaafu, Muheza

Vizuri sana mwanangu.

La safari: paketi iache kulala chini ya vitenge. Iweke kwenye kimfuko kimoja na kadi ya kliniki ya mtoto, maana mama mwenye mtoto mdogo anaweza kusahau viatu vyake lakini kadi haisahau. Na ukienda kliniki kuchukua paketi mpya kabla ya Ijumaa, usichukue moja tu. Omba zaidi. Mwongozo unaruhusu kumpa mama hata za mwaka mzima kama zipo, na wengi hawapewi kwa sababu hawaombi. Alamu ya simu iwekee saa tatu, umwambie na baba aweke yake huko barabarani akukumbushe kwa simu. Watu wakimeza vizuri kabisa, kati ya wanawake 1,000 ni kama watatu tu wanaoshika mimba kwa mwaka. Kwa umezaji wa kawaida wa kusahausahau, ni kama saba kwa kila 100.

La pili: Ijumaa unaanza paketi mpya, vyeupe vitakwenda wiki tatu na kuishia siku ya Alhamisi, halafu safari hii unameza vya kahawia. Damu itegemee ndani ya wiki hiyo. Yaweza kuwa nyepesi kuliko ulivyozoea, na kabla yake waweza kuona matone. Wiki ya kahawia ikipita bila damu yoyote, nunua kipimo cha mkojo duka la dawa, pima kwa mkojo wa asubuhi. Lakini paketi inayofuata ifungue siku yake, usisubiri kupima kwanza. Kama kipimo kitaonyesha mimba, hapo utaacha na kwenda kliniki. Vidonge ulivyomeza kabla ya kujua havimdhuru mtoto.